Mama, Hukumroga Mtoto Wako



Siku ya kupima akina mama wenye mimba, huku kwetu Masako, benchi hujaa tangu asubuhi. Wengine wametoka mbali kwa miguu, kwenye njia ya kale ya Buta, na matope yamo miguuni bado. Twaimba, twasali, twafundisha somo la afya, kisha twapima mmoja mmoja.

Siku moja somo lilikuwa juu ya namna mtoto anavyojengwa tumboni. Nilisema kwamba mtoto hashiriki chakula cha mama tu. Hushiriki hata hofu yake. Somo likaisha, watu wakapimwa, wakaenda zao. Mama mmoja hakuondoka. Yeye hakuwa na mimba. Alikuwa amemsindikiza binti yake. Alingoja hata benchi likawa tupu, ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mtumishi, kama ni hivyo, basi mimi ndimi niliyemharibu mwanangu?"

Nikamwambia, "Keti, Mama. Nieleze."

Alisema kwamba mwanawe alizaliwa mwanzo wa mwaka 2001. Alikuwa mtoto mwema, mwenye bidii shuleni. Alipofika miaka ishirini na miwili akaanza kusikia sauti za watu wasioonekana. Akasema majirani wanamwekea mawazo kichwani kwa njia ya redio. Akaacha kuoga, akaacha rafiki zake, akakaa gizani ndani ya nyumba. Ndugu za baba yake walikutana. Mmoja akasema mama amemla akili. Mwingine akasema amemuuza kwa uchawi. Wakampeleka mahali pa maombi, akafungwa kamba, akanyimwa chakula siku nyingi ili pepo amtoke. Alirudi amekonda, na zile sauti zingalipo.

"Lakini nilijua moyoni kwamba sikumroga," akasema. "Leo nimekusikia wewe. Mwezi wa sita mwaka 2000, mabomu yalipoanguka Kisangani, mimba yake ilikuwa ya miezi miwili. Nilikimbia na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Hofu niliyoipata siwezi kuisema. Basi hofu yangu ndiyo iliyomwingia. Ni mimi."

Nilihuzunika, kwa maana somo langu lilikuwa limemwongezea mzigo. Jibu nililompa mama yule ndilo ninalokuandikia wewe sasa, kwa sababu najua wako wengi wenye swali hilo.

UGONJWA HUU NI NINI?

Madaktari huuita skizofrenia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1908 na daktari Eugen Bleuler wa nchi ya Uswisi. Ni ugonjwa wa ubongo, kama vile pumu ilivyo ugonjwa wa mapafu. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huamini kwa nguvu mambo yasiyo kweli, kama kwamba watu wanamwinda. Maneno yake huchanganyika. Tena hupoteza hamu ya kazi, ya kuoga, ya kukaa na watu. Mara nyingi huanza kati ya miaka kumi na minane na thelathini, na wanaume huanza mapema kuliko wanawake.

Usidhani ni ugonjwa wa Waafrika, au wa ukoo fulani, au wa watu waliotenda dhambi kubwa. Uko katika kila taifa. Katika dunia nzima, watu kama milioni 24 wanaugua, yaani mtu mmoja katika kila watu 300.

Tena angalia: si kila mwenye kuchanganyikiwa ana skizofrenia. Malaria ikipanda kichwani huchanganya akili. Ugonjwa wa usingizi, yaani malale, hubadili tabia ya mtu. Kaswende ya zamani, kifafa, lotoko na bangi, vyote hivyo huweza kuvuruga akili. Kwa hiyo mgonjwa apelekwe kwanza hospitalini, damu yake ipimwe, kabla mtu yeyote hajatoa hukumu.

WAJUMBE WA DAMU

Sasa tulijibu swali la mama. Je, hofu ya mama humfikia mtoto tumboni?

Mwili wetu una wajumbe. Hutoka katika tezi, husafiri ndani ya damu, hupeleka amri mahali pengi. Wajumbe hao huitwa homoni. Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Mtu akiona hatari, tezi hizo hutoa homoni iitwayo kortisoli. Moyo hupiga mbio, sukari huongezeka katika damu, miguu hupata nguvu ya kukimbia. Homoni hiyo si adui. Kila siku asubuhi huongezeka ili tuamke. Na karibu na kuzaliwa, husaidia mapafu ya mtoto kukomaa. Lakini kitu chema kikizidi, au kikija wakati usio wake, huweza kuleta madhara.

Mungu ameweka ulinzi. Kondo la nyuma liko kati ya mama na mtoto, nalo lafanya kazi kama chujio. Mama anayetengeneza mawese huyachuja, makapi yakabaki juu na mafuta yakapita. Vivyo hivyo kondo huvunja sehemu kubwa ya kortisoli ya mama kabla haijamfikia mtoto. Lakini chujio likielemewa, kwa hofu kubwa sana, au njaa, au ugonjwa, homoni nyingi zaidi hupita. Na ubongo wa mtoto huanza kujengwa mapema sana. Mwezi wa kwanza haujaisha, na mfereji ambao ubongo na uti wa mgongo hutoka kwake umekwisha kufunga. Mwezi wa pili sehemu za ubongo zinagawanyika. Mama wengine hawajajua hata kwamba wana mimba.

SIKU SITA ZA YERUSALEMU, SIKU SITA ZA KISANGANI

Wewe uliyekuwa Kisangani mwaka 2000 hukusahau. Tarehe 5 Juni majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalianza kupigana ndani ya mji ambao haukuwa wao. Walipigana hata tarehe 10. Mabomu zaidi ya 6,000 yaliuangukia mji. Raia mamia waliuawa, na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa. Watu walilala chini ya vitanda na ndani ya mashimo, bila maji, bila umeme. Wenye mimba walikuwamo pia.

Sasa sikia jambo la ajabu. Miaka 33 mbele yake, tarehe zile zile, 5 hata 10 Juni 1967, vita vingine vya siku sita vilipiganwa, na mji wa Yerusalemu ukapigwa mabomu. Baadaye wataalamu walichukua orodha ya watoto zaidi ya 88,000 waliozaliwa Yerusalemu kati ya mwaka 1964 na 1976. Wakatafuta ni nani kati yao aliyepata skizofrenia alipokuwa mtu mzima. Habari zikatangazwa mwaka 2008. Waliona kwamba wale ambao mimba zao zilikuwa katika mwezi wa pili wakati wa vita walipata ugonjwa mara mbili na zaidi kidogo kuliko wengine. Kwa wasichana tofauti ilikuwa kubwa kuliko kwa wavulana.

Si huko tu. Nchini Uholanzi palikuwa na njaa kali katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita kuu. Watoto ambao mimba zao zilitungwa wakati njaa ilipozidi walipata skizofrenia kama mara mbili kuliko wenzao. Baada ya njaa kubwa ya China, ya 1959 hata 1961, jambo lilo hilo likaonekana. Na huko Denmark, mwaka 2008, ilionekana kwamba mama aliyefiwa na ndugu wa karibu katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, mtoto wake alikuwa katika hatari zaidi kidogo.

Hata katika Kongo yetu uchunguzi umefanyika. Katika hospitali ya HEAL Africa, mjini Goma, wataalamu waliwapima akina mama 25 na watoto wao wachanga, wakatoa habari mwaka 2012. Mama waliopatwa na mateso makubwa ya vita walizaa watoto wenye uzito mdogo zaidi. Tena katika damu ya watoto hao waliona alama juu ya sehemu ya urithi inayotengeneza mlango wa kuipokea kortisoli. Mfano wake ni mlango wa nyumba: nyumba ni ile ile, lakini bawaba zimekazwa namna nyingine. Mwaka 2014 uchunguzi juu ya mama wa Rwanda waliokuwa na mimba wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 ulionyesha mambo yanayofanana na hayo, kwa mama na kwa watoto wao.

Nakuomba uangalie vizuri. Alama si ugonjwa. Hakuna aliyesema kwamba watoto wale wa Goma watakuwa wagonjwa wa akili.

FANYA HESABU PAMOJA NAMI

Chukua punje 100 za mahindi, uziweke chini. Hizo ni watoto 100. Katika hali ya kawaida, kwa maisha yao yote, punje moja, au pungufu ya moja, ndiyo itakayopata skizofrenia. Sasa sema vita vimeongeza hatari mara mbili. Utatoa punje ngapi? Mbili. Tisini na nane zimebaki, nzima.

Basi kama ulikuwa na mimba mwezi Juni 2000, na mtoto wako leo ni mtu mzima, anafanya kazi, anaoa, usikae ukimwinda kwa macho ya hofu. Karibu wote waliokuwa tumboni wakati ule wana akili timamu.

Na kama mtoto wako anaugua, hakuna daktari duniani awezaye kukuambia, "Ni mabomu yaliyomfanya hivi." Ugonjwa huu hauna mzizi mmoja. Urithi una sehemu kubwa: mzazi mmoja akiugua, watoto wake kama kumi katika mia hupatwa, na tisini hawapatwi. Kuzaliwa kwa shida ni mzizi mwingine. Homa kali za mama katika mimba zatajwa pia, na bangi katika ujana. Mti mmoja una mizizi mingi, nawe huwezi kuonyesha ule mmoja ulioleta tunda.

CHUMVI, MIHOGO NA TEZI YA SHINGO

Iko homoni nyingine ambayo jambo lake si la kubahatisha. Ni homoni ya tezi ya shingo. Katika miezi ya kwanza mtoto hana yake mwenyewe ya kutosha. Hutegemea ya mama. Homoni hiyo hutengenezwa kwa madini yaitwayo iodini. Mama akikosa iodini, shingo yake huvimba, na mtoto aweza kuzaliwa na ubongo dhaifu, hasikii, hasemi, hakui.

Zamani jambo hili lilionekana sana katika Kongo: huko Uele, kaskazini yetu, huko Ubangi, na katika kisiwa cha Idjwi ndani ya ziwa Kivu. Madaktari waliofanya kazi huko waliona kwamba udongo ulikosa iodini, na tena mihogo michungu isiyolowekwa vizuri ilizidisha shida. Sumu ya mihogo hiyo, ikigeuzwa na mwili, huizuia tezi kushika iodini kidogo iliyopo. Huko Ubangi, miaka ya 1970, akina mama wenye mimba walidungwa sindano ya mafuta yenye iodini. Watoto wao walizaliwa wenye uzito zaidi, na waliokufa wachanga wakapungua.

Tazama basi, hapa watu hawakutafuta mchawi. Walitafuta sababu, wakaipata, wakatoa dawa. Leo chumvi yenye iodini yauzwa madukani. Inunue. Ifunike, isikae juani wala penye maji. Itie katika mboga mwisho wa kupika. Na mihogo michungu iloweke siku tatu au nne, kisha uianike vizuri juani.

DAWA ZINUNULIWAZO BILA DAKTARI

Jambo hili pia ni la homoni, nami nasema bila kuficha. Mwaka 1938 huko Uingereza ilitengenezwa dawa ya homoni iitwayo DES. Wazungu na Wamarekani waliwapa mamilioni ya mama wenye mimba, wakidhani itazuia mimba kutoka. Mwaka 1953 huko Chicago ikaonekana kwamba haisaidii. Hata hivyo iliendelea kutolewa. Mwaka 1971 madaktari wa Boston wakatambua kwamba baadhi ya mabinti waliokuwa tumboni wakati huo walipata saratani ya uke. Huko Ufaransa, jamaa nyingi wameshuhudia pia kwamba watoto waliozaliwa hivyo waliugua akili, na wengine skizofrenia. Juu ya hilo la akili wataalamu hawajapatana. Lakini somo ni wazi: homoni inayomezwa na mama yaweza kumfikia mtoto, na madhara yake huweza kujificha miaka ishirini.

Huku kwetu wako wanaomeza vidonge vya dexamethasone ili wanenepe. Wako wanaopaka mafuta ya kung'arisha ngozi yenye dawa ya namna hiyo hiyo. Dawa hizo ni ndugu wa kortisoli, na dexamethasone hupita katika kondo bila kuzuiwa. Daktari akikupa kwa sababu yake, kama vile kuyasaidia mapafu ya mtoto anayekaribia kuzaliwa kabla ya wakati, pokea bila hofu. Lakini usiinunue sokoni kwa ajili ya uzuri, hasa ukiwa na mimba.

BASI NI KOSA LA NANI?

Wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Soma katika Yohana sura ya tisa. Bwana alikataa majibu yote mawili. Kisha hakuwaacha wakibishana. Alimponya yule mtu.

Sisi nasi tunapenda kuuliza swali lile lile. Twamwona kijana anayesema peke yake njiani, na kabla hatujamletea maji tumekwisha kumtafuta mwenye kosa. Na mara nyingi twamshika mama, kwa kuwa yeye hana wa kumtetea.

Mama yule hakuyaleta mabomu Kisangani. Hakuiamuru mioyo ya watu wapigane. Moyo wake ulipopiga mbio, ulipiga ili miguu yake imchukue yeye, na mtoto mgongoni, na mtoto tumboni, watoke katika mauti. Homoni ile ya hofu ndiyo iliyowaokoa wote watatu. Je, tutamhukumu kwa hiyo?

TUFANYE NINI?

Kwa mgonjwa:

1. Mpeleke hospitalini mapema. Kila mwezi unaopita bila dawa humzidishia shida.

2. Dawa zipo. Tangu mwaka 1952, madaktari wa Paris walipoanza kutumia chlorpromazine, wagonjwa wengi wameweza kutoka katika vifungo. Haloperidol nayo hutuliza sauti. Asiache dawa kwa kuwa amepata nafuu. Akitetemeka au mwili ukikaza, mrudishe kwa daktari, abadiliwe kipimo.

3. Usimfunge kamba wala mnyororo. Usimpige. Usimnyime chakula. Mwili wenye njaa hauponyi ubongo.

4. Omba pamoja naye, na kidonge akimeze. Maombi na dawa havipigani.

5. Mpe kazi ndogo: kuchota maji, kupalilia, kuanika mihogo. Usibishane na sauti zake, wala usimcheke.

Kwa mama mwenye mimba, na watu wa nyumba yake:

1. Aje kupimwa mapema, asingoje tumbo lionekane. Alale ndani ya chandarua.

2. Ale vizuri kwa kadiri ya uwezo: sombe, maharagi, samaki, mbinzo, matunda, pamoja na chumvi yenye iodini.

3. Asinywe lotoko, asivute bangi, asimeze dawa asiyopewa na daktari.

4. Baba, sikia: usimpige mkeo, usimtishe, usimwache na njaa. Kumtuliza mama ni kumlinda mtoto.

5. Akifiwa, au akikimbia vita, wanawake wa kanisa wasimwache peke yake. Mmoja apike, mmoja achote maji, mmoja aketi naye usiku. Hofu ikigawanywa hupungua.

MWISHO

Yule mama aliniuliza tena, "Basi sikumharibu?" Nikamwambia, "Mama, hukumharibu. Ulimbeba." Akalia sana, kisha akafuta macho kwa kitenge chake, akaniuliza siku gani daktari yupo.

Wiki iliyofuata alikuja na kijana wake. Alipimwa damu, akapewa dawa. Sikuandikii kwamba amepona kabisa. Sauti husikika bado siku nyingine, lakini mbali. Sasa yeye huoga, hula pamoja na wengine, na Jumapili huketi kanisani karibu na mlango, kwa kuwa hapendi watu nyuma yake. Mwanzoni benchi lile lilibaki tupu kwa ajili yake. Kisha mzee mmoja wa kanisa aliondoka mahali pake pa mbele, akaenda kuketi karibu naye. Wala hakusema neno.

Ndugu msomaji, kama katika kijiji chako yuko mama mwenye mtoto wa namna hii, usiende kwake na swali. Nenda na chumvi, au na kuni, ukaketi naye. Kisha mwambie siku ya daktari.